Kuunguza saratani ya ini kwa mawimbi ya redio: mwongozo kamili, kuanzia vipimo hadi CT ya mwezi wa kwanza

Sindano isiyozidi unene wa ile ya kushonea magunia hupitishwa kati ya mbavu hadi ncha yake ifike ndani ya uvimbe kwenye ini, kisha umeme hufunguliwa kwa dakika 12 hivi. Nyama inayoizunguka ncha huiva pale pale. Hiyo ndiyo RFA, kifupi cha Kiingereza cha kuunguza kwa mawimbi ya redio, na kwa uvimbe mdogo matokeo yake hukaribiana na ya upasuaji. Lakini kama uvimbe utakufa wote au utabaki kipande, jambo hilo haliamuliwi sana na dakika hizo 12. Huamuliwa siku kadhaa kabla, kwenye picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha ini vipande vipande), kwa rula na hesabu ya darasa la saba.

Mwongozo huu ni kwa mgonjwa na ndugu zake wanaotaka kujua hasa kitakachofanyika, na kwa daktari au muuguzi wa hospitali ya wilaya atakayeandika rufaa na kumpokea mgonjwa akirudi. Hautoshi kumfundisha mtu kuchoma sindano. Hilo hufundishwa chumbani, mwalimu akiwa kando.

Joto linavyofanya kazi

Mashine ya RFA, iitwayo jenereta, hutoa umeme wenye mawimbi ya kilohezi 375 hadi 500. Umeme huo hutoka kwenye ncha ya sindano, hupita mwilini na kurudi kwenye mashine kupitia pedi zilizobandikwa mapajani. Karibu na ncha umeme umesongamana, hivyo chumvichumvi za mwilini hutikisika kwa kasi, husuguana na kutoa joto. Kinachochemka ni nyama yenyewe. Sindano haipashwi moto kama pasi.

Kwenye nyuzi 50 hadi 55 chembe za saratani huhitaji dakika 4 hadi 6 kufa. Zikifika nyuzi 60 hufa karibu papo hapo. Mtu angedhani basi moto ukizidi ndio vizuri, na hapo ndipo kosa la kwanza linapotokea. Ikivuka nyuzi 100, maji ya kwenye nyama hugeuka mvuke na nyama iliyoshika sindano hukauka ikawa mkaa. Mkaa haupitishi umeme. Mpishi wa wali analijua hili: moto ukiwa mkali, chini unapata ukoko na juu mchele bado una kiini. Ndiyo maana sindano nyingi za sasa zina mirija ndani inayozungusha maji ya barafu. Maji hayo huizuia ncha isifanye ukoko, na joto hupata nafasi ya kusambaa mbali zaidi.

Nani anafaa

Mgonjwa anayefaa zaidi ana uvimbe mmoja usiozidi sentimita 3, au vivimbe visivyozidi vitatu, kila kimoja kisizidi sentimita 3. Saratani haijaingia kwenye mshipa wa lango, yaani ule mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka utumboni, wala haijatoka nje ya ini. Uvimbe wa chini ya sentimita 2 ndio unaofanya vizuri kuliko yote. Kati ya sentimita 3 na 5 inawezekana, ila mara nyingi huunganishwa na tiba ya kuziba mishipa inayolisha uvimbe, au hutumika mashine ya maikrowevu ambayo huunguza eneo kubwa zaidi kwa muda mfupi. Ukizidi 5, kuunguza peke yake ni kumpotezea mgonjwa fedha na muda.

Afya ya ini lenyewe hupimwa kwa alama za Child-Pugh. Vipengele ni vitano, kila kimoja kina alama 1 hadi 3:

- Bilirubini (rangi ya njano ya nyongo kwenye damu): chini ya mikromoli 34 kwa lita ni 1, 34 hadi 50 ni 2, zaidi ya 50 ni 3.
- Albumini (protini inayotengenezwa na ini): zaidi ya gramu 35 kwa lita ni 1, 28 hadi 35 ni 2, chini ya 28 ni 3.
- INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda): chini ya 1.7 ni 1, 1.7 hadi 2.3 ni 2. Zaidi ya 2.3 ni 3.
- Maji tumboni: hakuna ni 1, kidogo ni 2, mengi ni 3.
- Kuchanganyikiwa kunakoletwa na ini: hakuna ni 1, kidogo ni 2, kukubwa ni 3.

Chukua mgonjwa mwenye bilirubini 28, albumini 31, INR 1.4, hana maji tumboni na akili yake iko sawa. Jumla ni 1+2+1+1+1, yaani 6. Alama 5 na 6 ni daraja A: anafaa. Alama 7 hadi 9 ni daraja B, wengi wao bado wanafaa. Kuanzia 10 ni daraja C, na hapo ini lililochoka ndilo linalomtishia zaidi kuliko uvimbe. Kuliunguza ni kuliongezea mzigo.

Afrika Mashariki wagonjwa wengi hufika wakati uvimbe umeshakuwa mkubwa kama chungwa au zaidi, ndiyo maana tiba hii inawafaa wachache. Wanaoipata kwa wakati ni wale wanaojulikana kuwa na homa ya ini B au sirosisi (ini lililojaa makovu) na wanaopigwa altrasaundi kila miezi 6. Na mwenye homa ya ini B anaweza kupata saratani bila kupitia sirosisi kwanza. Kusema "ini langu halina makovu" si sababu ya kuacha kipimo.

Hesabu ya ukingo

Hapa ndipo pa kukaa. Haitoshi kuunguza uvimbe ukaishia pale unapoishia. Kandokando yake kuna vijichembe vya saratani visivyoonekana kwenye picha, kwa hiyo lazima kiungue pia kipande cha ini lenye afya kinachouzunguka: angalau milimita 5 kila upande, na ikiwezekana sentimita 1.

Uvimbe wa sentimita 2 ukiongeza sentimita 1 kila upande unahitaji tufe la sentimita 4 liungue. Uvimbe wa sentimita 3 unahitaji tufe la 5. Kwa rula tofauti inaonekana ndogo, lakini tufe si mstari. Tufe la sentimita 3 lina ujazo wa mililita 14. La sentimita 5 lina mililita 65. Ili kuua mililita 14 za saratani umeunguza zaidi ya mara nne yake. Sindano moja yenye ncha wazi ya sentimita 3, ikiwaka mara moja, huunguza eneo lenye upana wa sentimita 3 hivi, pengine limechongoka kama yai. Kwa uvimbe wa sentimita 1.5 hiyo inatosha kwa shida. Zaidi ya hapo, sindano irudiwe mahali pengine maeneo yapandane, au zichomwe mbili tatu kwa pamoja, au itumike ile inayofunguka ndani kama mwavuli.

Ukiwa ndugu wa mgonjwa, swali zuri la kumuuliza daktari kabla ya kusaini fomu ni hili: "Uvimbe una sentimita ngapi, na mmepanga kuunguza eneo la sentimita ngapi?" Namba ya pili ikiwa sawa na ya kwanza, omba maelezo.

Uvimbe umekaa wapi

Mshipa wa damu wenye upana wa milimita 3 au zaidi ukiwa umeugusa uvimbe, damu inayopita huchukua joto na kuondoka nalo, kama sufuria iliyowekwa mtoni nusu. Upande ule wa mshipa haupati nyuzi 60, na saratani huota tena hapohapo. Mshipa wenyewe kwa kawaida hausumbuki, maana damu inaupoza. Maikrowevu haiathiriki sana kwa hili, na ni sababu halali ya kuichagua kama ipo.

Mirija ya nyongo haina bahati hiyo. Haipozwi na damu inayokwenda kasi, hivyo mrija mkubwa ukiwa ndani ya sentimita 1 unaweza kuungua, ukafanya kovu na kuziba. Uvimbe ulio karibu na mlango wa ini, panapokutana mirija mikubwa, kwa kawaida hauunguzwi kwa joto. Kwa mahali kama hapo kuchoma pombe kali isiyo na maji ndani ya uvimbe bado ni njia inayofaa. Ni ya zamani na ni rahisi, ingawa huhitaji kurudiwa mara kadhaa.

Utumbo mpana ukiwa umeegemea ini, ukuta wake unaweza kutoboka, na hutoboka siku kadhaa baadaye mgonjwa akiwa keshafika nyumbani. Dawa yake ni kuusogeza: maji hudungwa katikati ya ini na utumbo mpaka pawe na nafasi. Maji hayo yawe dextrose ya asilimia 5. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na ukiyatumia umeujengea umeme daraja la kwenda mahali ulipokuwa unapakinga.

Kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio juu ya ini, kikiguswa na joto, bega la kulia huuma kwa siku kadhaa au wiki. Kifuko cha nyongo kikiguswa, huvimba na kuuma, kisha mara nyingi hutulia.

Vipimo na dawa kabla ya siku yenyewe

CT ya awamu tatu (picha zinazopigwa dawa ya rangi ikiwa kwenye ateri, kisha kwenye mshipa wa lango, kisha ikififia) au MRI (picha ya sumaku), isiwe ya zamani kupita mwezi mmoja. Peleka CD yenye picha zote, si karatasi ya ripoti peke yake, kwa kuwa atakayechoma lazima apime mwenyewe na kupanga njia. Vipimo vya damu ni picha nzima ya damu, muda wa kuganda damu, kazi ya ini, kreatinini (ya figo), AFP (alama ya saratani ya ini), na homa ya ini B na C. Mwenye homa ya ini B aanze au aendelee na dawa yake, mara nyingi tenofovir, na asiikatize kwa sababu ya matibabu haya.

Vituo vingi hutaka chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zizidi 50,000 na INR isizidi 1.5. Kwa wenye sirosisi baadhi ya miongozo mipya inalegeza zaidi, kwani INR haielezi vizuri hatari ya kutoka damu kwa watu hawa. Warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla na clopidogrel vilevile, lakini kwa ruhusa ya daktari aliyeziandika: mwenye vali ya bandia kwenye moyo hazisimamishi kienyeji. Dawa za mitishamba ziachwe mapema na zitajwe bila aibu. Baadhi yake huumiza ini, na daktari asipojua atadhani ni ugonjwa umeongezeka.

Mambo matatu yasemwe hata kama hamkuulizwa: betri ya moyo, chuma kwenye nyonga au paja, na upasuaji uliowahi kuunganisha mrija wa nyongo na utumbo. Betri ya moyo huweza kuvurugwa na umeme huu, hivyo mtaalamu wake huibadilisha mpangilio kwanza. Chuma hubadilisha mahali pa kubandika pedi. Na mwenye mrija wa nyongo uliounganishwa na utumbo ana hatari kubwa ya kupata jipu kwenye ini baadaye, kwa vile vijidudu vya utumbo vimeshapata njia.

Usiku wa kuamkia siku hiyo: chakula kisiliwe saa 6 hadi 8 kabla, maji meupe yanaruhusiwa hadi saa 2 kabla. Mwenye kisukari aulize kuhusu dozi ya asubuhi.

Chumbani: pedi kwanza

Sindano ndiyo inayotazamwa na wote, pedi ndizo zinazosahaulika. Umeme uleule unaoingia kwenye ncha hutokea kwenye pedi, na pedi ikishika vibaya, ngozi ya paja huungua hadi kutoa malengelenge au jeraha la kina.

Nywele za mapajani zinyolewe, ngozi ioshwe na ikauke kabisa. Mafuta ya kujipaka huzuia gundi kushika. Pedi zibandikwe mapaja yote mawili, umbali sawa kutoka kwenye ini, ule upande mrefu ukielekea juu ziliko mbavu. Ikielekezwa kwa upande mfupi, umeme wote husongamana kwenye ukingo mwembamba. Idadi ifuate maelekezo ya mashine, kwa kawaida 2 hadi 4. Kisha muuguzi mmoja apewe kazi moja tu: kupitisha kiganja juu ya pedi kila dakika chache. Ikiwa ya moto kuliko uvuguvugu, aseme umeme uzimwe.

Jenereta na pampu ya maji ya barafu ziunganishwe kwenye UPS, betri inayoshika umeme ukikatika. Umeme ukikatika dakika ya 5, eneo lililoungua nusu litaanza kupoa na picha ya altrasaundi itakuwa imeshaharibika kwa mapovu.

Kuchoma

Mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza na kuondoa maumivu, au usingizi kamili. Ganzi huchomwa kuanzia ngozini hadi kwenye gamba la ini. Gamba lina hisia kali kuliko ini lenyewe, na likikosa ganzi mgonjwa atashtuka wakati mbaya. Ngozi hukatwa milimita 2 au 3.

Sindano hupita juu ya ubavu, si chini yake, kwa sababu mishipa na neva zimejificha kwenye ukingo wa chini. Huongozwa na altrasaundi au CT, mgonjwa akibana pumzi kwa sekunde chache. Kabla ya kuingia kwenye uvimbe ipite kwanza kwenye sentimita 1 au 2 za ini lenye afya. Uvimbe uliojitokeza juu ya ini ukichomwa moja kwa moja hutoka damu, au humwaga chembe za saratani kwenye njia ya sindano. Ncha ivuke uvimbe kwa milimita 5 hivi upande wa chini.

Kama itachomwa zaidi ya mara moja, anza na sehemu ya mbali kabisa. Ukianza ya karibu, mapovu yatafunika kila kilicho nyuma yake.

Dakika 12

Pampu huwashwa kwanza hadi ncha ishuke chini ya nyuzi 20 hivi. Umeme huanza wati 40 hadi 60 na kuongezwa wati 10 kila dakika. Jicho huwa kwenye namba ya ukinzani, yaani jinsi nyama inavyouzuia umeme, ambayo kwa sindano za namna hii mara nyingi huanza kati ya ohm 50 na 100. Ikipanda ghafla, ukoko umeanza. Mashine hukata umeme kwa sekunde 15 hivi, nyama ipoe kidogo na maji yarudi, kisha huendelea. Kukatika hivyo mara kwa mara kuelekea mwisho ni dalili njema. Kukikatika ndani ya dakika mbili za kwanza, nguvu ilipandishwa haraka mno.

Kwenye altrasaundi litaonekana wingu jeupe linalokua. Wingu hilo ni mapovu tu. Laweza kuwa kubwa au dogo kuliko eneo lililokufa kweli, na anayelitumia kama kipimo hujidanganya. Linahitaji dakika 5 hadi 10 kutulia kabla ya kuamua kama sindano ya pili inahitajika.

Muda ukiisha, pampu huzimwa na joto la ncha kusomwa. Liwe nyuzi 60 au zaidi. Likiwa 48, hapajaiva; pengine kuna mshipa mkubwa karibu, na papigwe tena. Sindano hutolewa taratibu ikiwa bado na joto, takriban nyuzi 70 hadi 90, ili njia iungue na kujifunga. Umeme uzimwe kabla ncha haijafika ngozini.

Wodini na nyumbani

Mapigo na presha kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, kisha kila dakika 30, mgonjwa akiwa amelala kwa muda wa saa 4. Mapigo yakipanda huku presha ikishuka, tumbo likakaza, hiyo ni damu mpaka ithibitike vinginevyo. Wengi huruhusiwa kesho yake.

Kuanzia siku ya tatu hivi wengi hupata homa ndogo, uchovu na mwili kuuma kama mafua. Ni mwili unasafisha nyama iliyokufa, na huisha ndani ya siku 5 hadi 10. Paracetamol inatosha, isizidi gramu 2 kwa siku kwa mwenye sirosisi. Ibuprofen na diclofenac ziachwe. Huumiza figo na kuchochea kutoka damu.

Homa inayovuka nyuzi 38.5 pamoja na kutetemeka, au homa inayoanza upya baada ya wiki moja au mbili, ni jipu la ini mpaka CT au altrasaundi ikatae. Linahitaji antibayotiki na mara nyingi mrija wa kutoa usaha. Macho kuwa ya njano, choo cheusi, au maumivu makali ya tumbo yanayozidi: rudi hospitali siku hiyohiyo, ukiwa na karatasi inayosema ulifanyiwa nini. Daktari wa zamu asiyejua kuwa ini liliunguzwa anaweza kukutibu malaria.

Katika takwimu za vituo 41 vya Italia zilizochapishwa mwaka 2003, kati ya wagonjwa 2,320 walifariki 6 kutokana na tiba yenyewe, na madhara makubwa yaliwapata asilimia 2.2.

CT ya mwezi wa kwanza

Picha ya kesho yake huchanganya, kwa kuwa pembeni ya jeraha huwa na pete nyembamba inayong'aa ya nyama iliyokasirika. Pete iliyo sawa pande zote si saratani. Ya kuamulia ni CT ya awamu tatu baada ya mwezi mmoja. Eneo lililoungua linapaswa kuwa jeusi lisilopokea dawa ya rangi, na liwe kubwa kuliko uvimbe wa mwanzo. Likiwa dogo au sawa nao, ukingo haukupatikana. Donge linalong'aa kwenye awamu ya ateri na kufifia baadaye, limekaa upande mmoja, ni mabaki. Hilo huunguzwa tena mapema likiwa bado dogo, na kurudia si ajabu wala si fedheha kwa aliyefanya.

Halafu CT au MRI pamoja na AFP kila miezi 3 kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha kila miezi 6. Ratiba ni nzito kwa mfuko, lakini ina sababu. Chuo Kikuu cha Tokyo kilifuatilia wagonjwa 1,170 na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Saratani ilirudi palepale palipounguzwa kwa asilimia 3.2 tu ndani ya miaka 5, ilhali katika sehemu nyingine za ini ilizuka kwa karibu robo tatu yao. Hata hivyo asilimia 60 walikuwa hai baada ya miaka 5 na asilimia 27 baada ya miaka 10, wengi wao wakiwa wameunguzwa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo tarehe ya CT ijayo iandikwe kwenye kadi kabla mgonjwa hajatoka kliniki, na CD ya zamani ihifadhiwe nyumbani mahali pakavu. Bila ya kulinganisha nayo, msomaji wa picha mpya hawezi kujua lipi ni kovu na lipi limeanza jana.